Makosa Yaliyopotea Jumamosi

Tulimzika Kiarie huko juu Dundori, pembeni mwa shamba lake la viazi, na baada ya maombi watu wengi waliteremka haraka kutafuta gari kabla ya mvua. Mimi nilibaki. Mkewe, Mama Muthoni, aliwaingiza sebuleni wachache waliokuwa wamefanya kazi na marehemu, tukakaa kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, magoti yakigusana, ukungu umeegemea dirisha. Mhandisi Barasa, ambaye sasa hutembea na mkongojo na husikia kwa sikio moja, alinitazama nikipangusa ukingo wa kikombe changu kwa leso, kisha nikaupangusa tena ingawa ulikuwa safi. Akacheka kwa ndani. Akasema, "Tabitha, wewe hujapona." Binti mmoja wa marehemu akauliza nilikuwa naugua nini, na Barasa akamwambia aniulize habari za Jumamosi. Sikumjibu binti yule siku ile, kwa maana chai ilikuwa inaletwa na watu walikuwa wanaomboleza. Najibu sasa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, na mimi nilikuwa msichana wa kupiga taipu ambaye hakuwahi kukaa katika darasa la taipu. Nilijifunza kwa kuchora herufi kwenye kadibodi na kuzigonga hadi ncha za vidole zikafa ganzi. Mambo ya mawimbi nilijifunza vivyo hivyo, kutoka kwa kitabu kizito kisicho na jalada nilichokipata kwa muuza vitabu kuukuu karibu na soko la Nakuru. Nilikisoma na kamusi kando, na kila nilipofika mahali nisipoelewa nilirudi mwanzo wa sura, kwa sababu niliona kuendelea mbele na kitu nisichokijua ni kama kuiba. Nilipanga chumba kimoja Bondeni. Ukuta uliotutenga na majirani ulikuwa wa mbao, na asubuhi moja nilimsikia mama wa chumba cha pili akimwambia mumewe, huku akigeuza chapati, kwamba yule msichana wa ofisi huongea na kufuli. Mumewe akauliza kama kufuli humjibu. Ilikuwa kweli. Kila asubuhi nilifunga mlango, nikalivuta kufuli, nikaliambia "umefungwa wewe," nikafika bombani, nikarudi kulivuta tena. Naeleza haya kwa aibu, lakini bila kuyajua mtu hataelewa mashine ile ilinifanyia nini.

Mwajiri wangu alikuwa Bwana Jaswant, Kalasinga wa makamo mwenye kilemba cha samawati, mzaliwa wa Nakuru kama baba yake. Mbele ya duka aliuza vipuri vya trekta, na nyuma alinunua ngano ya Njoro na Mau Narok kwa niaba ya wasagaji wa Nairobi. Duka lilinukia grisi, mpira wa mikanda mipya na magunia. Mwaka huo wasagaji wale walinunua kompyuta, nasi tukaletewa mashine ya kuzungumza nayo. Nilipiga taipu jina la mkulima, uzito na daraja la ngano yake, na mashine ikatoboa matundu kwenye utepe wa karatasi. Kisha utepe ulisomwa, na kisanduku cha kijivu kilichoitwa modemu kikageuza matundu kuwa mlio uliosafiri kwa laini ya simu hadi Nairobi. Nilipewa chumba kidogo chenye dirisha moja, zulia la mkonge na kalenda ya mwaka uliopita, na nilikipenda chumba kile kuliko mahali popote nilipowahi kukaa. Nilikipangusa vumbi asubuhi na mchana. Bwana Jaswant alisimama mlangoni siku ya kwanza, akautazama utepe ukitoka, akasema, "Sasa ngano inaenda Nairobi kabla ya lori kuwaka." Alifurahi kama mtoto, nami nikaapa moyoni kwamba kutoka mikononi mwangu haitatoka namba hata moja iliyokosea.

Zilitoka nyingi. Katika wiki ya kwanza tu, Rehema, msichana aliyepokea huko Nairobi ambaye nilimjua kwa sauti yake tu, alipiga simu kuuliza kama kweli mkulima mmoja wa Njoro ameleta ngano ya kujaza treni nzima. Nilichukua utepe wangu, nikaupitisha mbele ya mwanga wa dirisha, nikasoma matundu kwa kidole. Ulikuwa sahihi. Nikausoma tena, nikaamini labda macho yangu yananidanganya. Makosa yaliendelea, siku hii machache, siku ile mengi, na lori moja lilikaa Gilgil kutwa nzima kwa sababu ya daraja la ngano lililogeuka likielekea Nairobi. Mwanzoni Bwana Jaswant alisema najifunza bado. Kisha akaona jambo lililonimaliza. Siku za Jumamosi, makosa hayakuwepo. Jumamosi tulifanya kazi hadi saa sita mchana, wakulima walikuwa wachache, duka lilikuwa tulivu. Aliniita mbele, akafunga droo yake polepole, akasema bila hasira, "Tabitha, Jumamosi hauna haraka, unaandika vizuri. Siku zingine una haraka. Mashine haijui Jumamosi. Mtu ndiye anajua." Akaniambia kwamba mwezi ukiisha na hali iko vile vile, atatafuta mtu mwingine wa kukaa kwenye kile chumba.

Kilichoniogopesha zaidi ya kupoteza kazi ni kwamba huenda alisema kweli, kwamba vidole vyangu hufanya mambo nisiyoyajua na kwamba hata jicho linalovikagua ni bovu. Nilianza kutoboa kila utepe mara mbili na kuulinganisha mmoja juu ya mwingine kwenye kioo cha dirisha. Nilichelewa, wakulima wakanung'unika. Ijumaa tulipoketi kula sikuweza kumeza. Mama yake Bwana Jaswant, ambaye sote tulimwita Biji, alituletea chakula kutoka nyumbani kila mchana, nasi tukala pamoja kwenye meza ndefu stoo, wauzaji, wapakiaji, mwenye duka na mimi. Siku ya Ijumaa ilikuwa zamu ya kadhi, mchuzi wa manjano wa maziwa mala na unga wa dengu, wenye pilipili kavu iliyokaangwa juu yake, na wali. Maziwa yalitoka Dundori, kwa mtu aliyelinda mitambo ya simu kilimani. Mhandisi Barasa aliyachukua akipita huko na kumletea Biji mkebe mmoja kama zawadi, na Ijumaa akala nasi. Biji alisema hajapata maziwa yaliyoganda vizuri hivyo tangu aje Kenya. Alinitazama nikizungusha kijiko. "Wewe kula," akasema. "Msichana nakuwa kama sindano, sasa nani taona wewe?" Wapakiaji wakacheka, nami nikala ili anyamaze, na naungama kwamba hata katika hofu ile kadhi ilikuwa tamu.

Barasa alikuwa wa ofisi ya simu, mwembamba, mpenda soga, na alikuja kuikagua laini yetu kwa ombi la Bwana Jaswant. Aliinua simu, akaita Nairobi, akahesabu hadi kumi, akamwomba Rehema ahesabu pia. Akapima nguvu ya mlio, akapima kelele, akavuta midomo kwa kuridhika. Laini ni safi, akamwambia Bwana Jaswant, unamsikia mtu hadi anavyopumua. Hakunitazama alipokuwa anasema hivyo, na kutonitazama kwake kulikuwa hukumu tosha.

Lakini kitabu changu kisicho na jalada kilikuwa na sura moja niliyokuwa nimeirudia mara nyingi kuliko nyingine, sura ya awamu. Niliielewa hatimaye kanisani, siku kwaya ilipokuwa inapiga makofi. Watu wawili wanaweza kupiga makofi kwa mwendo mmoja na kwa nguvu moja, ila mmoja akaanza nyuma kidogo ya mwenzake. Mwendo ni ule ule, nguvu ni ile ile, lakini pigo limehama. Kuhama huko ndiko awamu, na modemu yetu iliandika herufi kwa kuhamisha pigo: likihama kidogo ni herufi hii, likihama zaidi ni herufi ile. Sikio la mtu halijali pigo likihama. Ndiyo maana Barasa aliweza kusikia hadi pumzi ya Rehema na bado laini iwe na ugonjwa. Kama mahali fulani njiani kuna kitu kinaitikisa mikono ya mpiga makofi, sauti zingepita salama na namba zangu zingeumia. Niliketi pale kwenye benchi, watu wakiimba, nikihesabu makofi. Kisha, kama kawaida yangu, nikajiambia ninatafuta wa kumsingizia.

Jumatatu nilimwomba Rehema msaada. Nilitengeneza utepe wa herufi moja tu, ileile, kutoka mwanzo hadi mwisho, nikaurusha, naye akanisomea kwa simu ya pili mahali palipokosewa. Kama vidole vyangu ndivyo vibaya, utepe wa herufi moja ungefika mzima, maana niliukagua nilivyokagua kufuli. Haukufika mzima. Na makosa hayakutawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Yalijipanga, yakaja, yakapumzika, yakaja tena, kwa mwendo sawa. Rehema akasema, "Dada, hii ni kama mtu anapiga ngoma huku chini." Nilimshukuru, nikaweka simu chini, nikalia kidogo, nikapangusa meza.

Barasa hakupenda kuitwa tena. Alisimama na kofia mkononi huku nikimweleza habari za makofi ya kwaya, naye akaniuliza nilisomea wapi. Nikasema sikusoma mahali. Akajikuna kidevu, akasema kitu ambacho bado namheshimu kwacho: "Mimi nilipima nilichozoea kupima. Hicho unachosema sijawahi kukipima. Ngoja nilete ile mashine ya kioo." Alileta Ijumaa chombo kizito chenye kioo cha kijani kinachochora mawimbi. Nairobi wakaturushia mlio mmoja usiobadilika, naye akauweka pamoja na mlio mwingine safi, ili miwili hiyo ichore umbo moja kwenye kioo. Mstari ulipaswa kuwa mwembamba kama uzi. Ulikuwa mnene, umechakaa kingo, kama kamba ya mkonge. Barasa aligeuza kitufe ili picha ifuate mapigo ya umeme wa ukutani, na ile kamba ikatulia, ikaonyesha mawimbi madogo yaliyosimama wima. "Ni stima," akasema kwa sauti ndogo. "Stima inaingia ndani ya mlio." Alimwita Bwana Jaswant aje aone. Bwana Jaswant akaja, akainama, akaitazama kamba ya kijani, akanitazama mimi, akarudi dukani. Kesho yake, Jumamosi, Barasa alikuja asubuhi mapema na shati la nyumbani. Kioo kikawashwa. Ulikuwa uzi.

Alidhani kwanza ni viwanda, kwa kuwa Jumamosi hufunga mapema. Nikamkumbusha kwamba asubuhi ile viwanda vilikuwa vinanguruma na bado uzi ulikuwa mwembamba. Basi Jumatatu tukaipima njia kipande kwa kipande. Mlio ulipotumwa hadi ofisi ya simu mjini na kurudishwa, ulirudi uzi. Ulipotumwa hadi kituo cha Dundori, ambako mawimbi hupokewa na kusukumwa kuelekea Nairobi, ulirudi kamba. Barasa alikaa kwenye kiti changu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya, nikajizuia nisikinyooshe. Akasema huko juu yuko Kiarie, mtu mzuri, fundi wa miaka, ila Jumamosi hayuko kwa sababu ndiyo siku yake ya ibada, na kijana mwingine humshikia zamu. Tuliona aibu wote wawili, kama watu waliosikia jina la rafiki likitajwa polisi.

Tulipanda na Landrova yake, ile barabara ya matope mekundu yenye kabichi pande zote, baridi ikizidi kila kona. Kiarie alitupokea mlangoni akiwa na koti la jeshi kuukuu na kofia ya sufu, mtu mpana wa uso wa furaha, aliyekaa peke yake na mitambo kwa muda mrefu hadi akaongea na wageni kama waliotoka safari ya mbali. Chumba kilikuwa na makabati ya chuma ya kijivu, safu mbili, na mngurumo mdogo usiokoma. Pale palikuwa na joto. Alituketisha kwenye kreti, akasema hatutapima kitu kabla ya kunywa, akaleta chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati na viazi vilivyochemshwa na maganda, vikifuka moshi, vyote juu ya sinia pana. Barasa akamweleza makosa yaliyokaribia kunifukuzisha kazi, akaanza kumuuliza kuhusu betri na vikuza sauti, naye akajibu kila kitu sawasawa. Mimi nilikuwa ninaangalia sinia. Siwezi kukaa mbele ya kitu nisikikague. Lilikuwa zito kupita kiasi, rangi yake ya kijivu ilikuwa ile ile ya makabati, na kila pembe ilikuwa na tundu lililotobolewa kwa mashine, safi kabisa. Nani hutoboa matundu kwenye sinia?

Nikamuuliza alilinunua wapi. Akasema hakulinunua, alilikuta hapa, aliyemtangulia alimwonyesha linavyofaa kubebea chai. Nikamuuliza na maziwa ya mala, yale Biji anayoyasifu, huyagandisha wapi katika baridi hii. Uso wake ukang'aa. Akanishika mkono, akanipeleka kabati la mwisho, ambako paneli moja haikuwa na kifuniko, na ndani, palipo na kifaa kinachozaa wimbi la kituo kizima na kuwekwa kwenye joto lisilobadilika usiku na mchana, ulikuwa umekaa mkebe wa maziwa umevikwa sweta la mtoto. Chini yake tu, kwa umbali wa kiganja, transfoma kubwa ya kuchajia betri ilikuwa inanguruma. "Hapa yanalala kama mtoto," Kiarie akasema. "Siku mbili, yameiva. Siku ya mwenzangu nayatoa na kukirudisha kifuniko, yeye hapendi harufu."

Barasa alikuwa amesimama nyuma yetu na kiazi mkononi. Alikitazama kifaa, akaitazama transfoma, kisha sinia. Kifuniko kile cha chuma kiliwekwa na watengenezaji ili mtikiso wa transfoma usifike kwenye wimbi. Kwa miaka mingi sauti za watu zilipita pale bila kulalamika, hadi zilipokuja namba zangu. Tuliondoa vikombe, nikalipangusa sinia kwa leso yangu, Barasa akaliegemeza mahali pake, na mimi nikamwita Rehema kwa simu ya kituo nikamwomba arushe mlio. Kwenye kioo tulichopanda nacho ukatokea uzi. Barasa akaliondoa, ikawa kamba. Akalirudisha, uzi. Kiarie aliangalia mara ile ya mwisho, akavua kofia yake ya sufu. Akaniuliza, "Kwa hivyo ni maziwa yangu yalikuwa yanakufukuza kazi?"

Nilitaka kumwambia hapana, ni kifuniko tu. Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote, kwamba wakati ule sikuhisi furaha. Nilihisi kizunguzungu, kama mtu aliyesukuma mlango akidhani umefungwa. Nilikuwa nimezoea kosa kuwa langu, nimelala nalo, nimeamka nalo, na sasa lilikuwa limekaa pale mbele yangu limevaa sweta la mtoto, na wote tulikuwa tumelila na wali kila Ijumaa, Barasa, Biji, Bwana Jaswant na mimi, tukaomba kuongezwa. Nilianza kucheka. Kiarie akanitazama kwa wasiwasi, kisha akacheka pia, na Barasa akakaa kwenye kreti akacheka hadi akakohoa. Halafu akatafuta bisibisi na skrubu nne, akakifunga kifuniko. Alimwambia Kiarie kwamba yeye mwenyewe akiulizwa atasema kilikuwa kimelegea na sasa kimekazwa, na kwamba hilo lilikuwa kweli. Tulimalizia viazi tukiwa tumevishika mikononi, kwa kuwa hatukuwa tena na sinia.

Mwezi uliisha bila kosa. Bwana Jaswant hakuwa mtu wa kuomba radhi, na sikutarajia. Ijumaa iliyofuata Biji aliweka sufuria mezani, akaonja, akalalamika kwamba maziwa ya Dundori yameharibika, yamekuwa kama maji, yule mtu ana nini siku hizi. Kiarie alikuwa anayafunika na blanketi karibu na dirisha. Bwana Jaswant, aliyekwisha kuelezwa na Barasa habari za mkebe, akamega chapati yake, akasema, "Biji, chagua. Kadhi ama ngano." Biji akasema kadhi. Tulicheka stoo nzima. Jioni Bwana Jaswant alinikuta nikivuta kufuli la chumba cha mashine, akatoa ufunguo wake mwenyewe kwenye mfuko wa koti, ule alioutumia kukagua kazi yangu nikiwa sipo, akaniwekea kiganjani. "Utafunga wewe," akasema. "Na ukifunga, enda nyumbani." Nilifunga, nikaenda. Nilifika hadi kona ya mtaa kabla ya kugeuka, na nikiwa mkweli, niligeuka. Lakini sikurudi.

Duka lile sasa linauza simu za mkononi. Kituo cha kilimani kilizimwa miaka mingi iliyopita, mitambo ikauzwa kama vyuma chakavu. Siku ya mazishi, sebuleni, chai ilipoletwa, binti wa marehemu alikuwa ameshika birika na Mama Muthoni alikuwa nyuma yake amebeba vikombe na bakuli la viazi vya maganda juu ya sinia la kijivu, rangi imebabuka katikati kwa joto la miaka. Barasa aliliona kabla yangu, akanigusa na mkongojo. Mama Muthoni akagawa vikombe vyote, akaweka viazi mezani, akalifuta sinia kwa upindo wa kanga yake, akanipa.

"Walipobomoa kule juu waliuliza kama anataka kitu," akaniambia. "Akasema hiki tu. Alisema ni chako, na ati usikifunge mahali popote."

Nililipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kama nilivyolikumbuka. Barasa, akiinamisha sikio lake zima kwangu, akauliza kama sitahesabu matundu. Nikaweka kikombe changu juu yake, chai ikamwagika kidogo.

"Yapo yote," nikasema, na sikuangalia.